Kujipunja Nako Ni Kupunja

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeiweka mizani na akatuamrisha tusimame kwa uadilifu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi katika mji huu wa Mombasa. Jina lake hatutalitaja, na suali lake twalijibu hapa kwa idhini yake, kwani tumeona kuwa si lake peke yake. Yuasema kwamba kila muhula hupewa fomu ya kujipima kazi yake. Fomu hiyo ina milango: ujuzi wa masomo na namna ya kuyasomesha, kuhifadhi wakati, ulinzi na adabu za watoto, kushirikiana na wazee wao, na mengineyo. Katika kila mlango hutakiwa ajipe alama mwenyewe na aonyeshe dalili ya alama hiyo. Kisha mkubwa wake naye humpima, na wawili hao wakakaa pamoja wakasikizana.

Kisha yuasema: "Nikishika kalamu, mkono wangu huwa mzito. Nikiandika kuwa nimefanya vizuri naona nimejisifu, na dini yetu imekataza kujisifu. Tena moyoni mwangu naona kuwa mimi si kitu, na wenzangu wote wanipita. Basi hujipa alama za chini, na mahali pa dalili nikaandika neno moja au nikapaacha patupu. Mwaka huu vijana niliowaonyesha kazi kwa mkono wangu wamepanda daraja, nami niko pale pale, na mke wangu yuaniuliza sababu. Je, nina thawabu kwa unyenyekevu wangu, au nimekosea?"

Utaratibu huu wa mwalimu kujipima uliingizwa katika skuli za serikali za Kenya mwaka 2016, na watumishi wa afisi nyingi, za serikali na za makampuni, wana mfano wake. Kwa hivyo jambo hili limeingia katika nyumba zetu nyingi, na twaona ni wajibu wetu kulitazama kwa jicho la dini, kwani limefungamana na ukweli, na haki, na riziki ya watoto. Twajibu, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Jambo la kwanza ni kujua fomu hii ni kitu gani. Ndugu yetu ameidhania kuwa ni mimbari ya kujisifu, na kumbe ni baraza la ushahidi. Ameulizwa: umefanya nini katika amana uliyopewa? Mwenye kuulizwa hivi ni shahidi, na shahidi hatakiwi kuipamba habari wala kuitweza. Hatakiwi ila kuisema ilivyo. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ametuamrisha tuwe wenye kusimamisha uadilifu, tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata ukiwa juu ya nafsi zetu. Aya hii sisi huisoma kwa upande wake mzito, nao ni kukiri makosa yetu, na hivyo ndivyo. Lakini msingi wake ni uadilifu, na uadilifu hauna upande. Aliyeharamishiwa kujiongezea uwongo hakuhalalishiwa kujipunguzia ukweli.

Nahodha akikaribia mlango wa bandari usiku hutupa bildi apime maji. Akipata pima mbili akasema tano kwa kujigamba, chombo kitapanda mwamba. Na akipata pima tano akasema mbili kwa khofu, atakaa nje na shehena yake mpaka iharibike, na hali mlango uko wazi. Wote wawili wamewadhulumu wenye mali. Bildi haina kiburi wala haina haya: huonyesha kilichoko.

Jambo la pili ni mizani. Nyote mwaijua sura iliyoteremshwa kuwaonya wapunjao vipimo. Na Nabii Shuaib, amani imshukie, alipowakataza watu wa Madyan kupunguza vipimo na mizani, aliwakataza vile vile kwa neno la jumla wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wazee wetu walipima mchele kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vine. Mtu akija kwako na pishi kamili, nawe ukasema ni vibaba vitatu, umempunja. Hilo hakuna asiyelijua. Basi wewe mwalimu, ukija mbele ya nafsi yako na kazi ya vibaba vine ukaiandika vitatu, waliyepunjwa ni nani? Au wewe si katika watu?

Na laiti ingekuwa umejipunja wewe peke yako! Mke wako na watoto wako wana haki ya nafaka katika jasho lako, na nafaka yao umeipunguza kwa kalamu yako. Wanafunzi wako wana haki, kwani njia njema uliyoipata ya kuwasomesha haikuandikwa, na haikujulikana, na mwalimu mwingine hakuiiga. Mkubwa wako ana haki, kwani alikuuliza ili ajue hali ya skuli yake, nawe umempa habari isiyo sawa. Na mji wako una haki. Sisi watu wa pwani hulalamika kila siku kwamba wakitafutwa wakubwa wa skuli na wa afisi hawaonekani watu wetu. Ziko sababu nyingi, na nyingine ni dhulma ya kweli. Lakini itakuwaje tulie kuwa hatuonekani, na hali tulipopewa karatasi tuonekane tuliirejesha nyeupe?

Hatusemi kuwa aliyejipa alama ya chini kwa khofu ana dhambi ile ile ya aliyeficha ushahidi wa deni la mtu. Mwenyezi Mungu ni Mwenye kujua nyoyo. Lakini twasema kuwa tendo lake si unyenyekevu, na lisiitwe kwa jina hilo.

Sasa tuje kwenye hoja ya ndugu yetu. Yuasema dini imekataza kujisifu. Amesema kweli. Katika Suratun Najm tumekatazwa kuzitakasa nafsi zetu, kwani Mwenyezi Mungu ndiye amjuaye zaidi aliye mcha Mungu. Tazameni sababu iliyotajwa: ni ucha Mungu, jambo lililo ndani ya kifua, lisilo na shahidi ila Mola. Fomu ya kazi haikukuuliza hilo. Haikusema: je, wewe ni walii? Imekuuliza uliingia darasani siku ngapi, ulisomesha nini, na watoto wamefika wapi. Hayo si siri baina yako na Mola wako. Ni mambo yaliyofanyika mchana, na daftari la mahudhurio layajua.

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vasomwa katika darsa zetu za pwani mpaka leo, amelieleza jambo hili katika kitabu chake Al-Adhkar. Amesema kwamba mtu kutaja mema yake kuna sampuli mbili. Kuna kunakolaumiwa, nako ni kutaja kwa kujifakhiri na kujikweza juu ya wenzake. Na kuna kunakopendeza, nako ni kutaja kwenye maslaha ya dini au kwa kuondoa madhara, kama mtu kushauri, au kusomesha, au kujikinga na shari. Na miongoni mwa dalili zake ametaja habari ya Nabii Yusuf.

Habari hii ya Nabii Yusuf, amani imshukie, na isimame mbele ya kila aliyevunjika moyo. Ni nani aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yeye ya kujiona si kitu? Nduguze walimtupa kisimani. Akauzwa kwa thamani duni. Akasingiziwa, akafungwa, akasahauliwa gerezani miaka. Akatolewa, naye ni mgeni katika nchi ya watu. Na mbele ya mfalme hakusema: mimi ni mfungwa wa jana, nitazameni mtakavyo. Aliomba asimamishwe juu ya hazina za nchi, na akataja sababu mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Hakutaja uzuri wake ambao ulikuwa mashuhuri, wala nasaba yake ya Manabii. Alitaja yale ambayo kazi yenyewe yayataka, na akanyamaza. Na kwa neno hilo watu wengi waliokoka na njaa. Lau angejipunja, wangekufa wangapi?

Na sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, walikwenda mwendo huo. Sayyidna Uthman bin Affan, alipozingirwa nyumbani kwake mwaka wa 35 Hijria, aliwakumbusha watu habari ya kisima cha Ruma na jeshi la Tabuk alilolitayarisha kwa mali yake. Alikuwa mtu wa haya kupita kiasi, lakini haya haikumzuia kusema kweli ilipohitajika. Na Abdullahi bin Masud alisema wazi kwamba sahaba walijua kuwa yeye ni katika wajuzi wao wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, kisha akaongeza kwamba yeye si mbora wao. Tazameni uzuri wa maneno haya. Elimu yake ameitaja, kwani watu waihitaji. Ubora ameukana, kwani huo ni wa Mwenyezi Mungu kuupima. Mtu akiyaelewa maneno haya mawili, suali lote limekwisha.

Lakini twajua, ndugu zetu, kwamba hoja hazitoshi kumwinua aliyeanguka moyo. Mtu aweza kuyakubali haya yote na mkono ukawa mzito vile vile. Basi natuseme juu ya ugonjwa wenyewe.

Unyenyekevu ni mtu kuijua neema aliyopewa, na kujua kuwa imetoka kwa Mola wake, asijione bora kwayo. Kujidunisha ni kutoiona neema kabisa. Mnyenyekevu hushukuru, na anayejidunisha atashukuru nini, na hali yuasema hakupewa kitu? Na alama ya kuwapambanua ni hii: kuona upungufu wako kukikuinua ukaenda kujifunza, huo ni unyenyekevu; kukikukalisha kitako, huo ni wasiwasi, na wasiwasi twajua watoka kwa nani.

Nabii Musa, amani imshukie, alipotumwa kwa Firauni alisema upungufu wake bila ya kuuficha: kifua chake chaweza kuona dhiki, ulimi wake si mwepesi, na kuna mtu aliyemuua na yuakhofu kuuawa kwa ajili yake. Lakini hakusema: basi mtume mwingine, mimi nikae. Aliomba akunjuliwe kifua, na aliomba msaidizi, nduguye Haruni aliyemshinda kwa ufasaha. Akapewa. Katika fomu zetu hizi mna mahali pa kutaja mafunzo unayoyahitaji. Wengi hupaona ni pahali pa aibu, wakaandika kuwa hawahitaji kitu. Pahali pale ni pahali pa kumwomba Haruni. Usiipite.

Na huu ugonjwa watoka wapi? Hapa twataka kusema neno lililo chungu, na twajisemea wenyewe kabla ya wengine. Sehemu kubwa yatoka majumbani mwetu na vyuoni mwetu. Mtoto akisoma aya kumi sawasawa, tulinyamaza. Akikosea herufi moja, tulimwita punda mbele ya wenzake. Tukidhani ndiyo adabu, ndiyo malezi, ili asipate kiburi. Sisi masheikh na waalimu wa vyuo tumeyafanya haya, na waalimu wetu waliyafanya kwetu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima wa miaka arubaini, na kila akishika kalamu kuandika kazi yake husikia sauti ile ikimwambia hawezi. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakulea sahaba zake hivi. Alimtaja kila mmoja kwa alichojaaliwa: huyu kwa kusoma Qur'ani, yule kwa kujua faraidhi, yule kwa halali na haramu. Na alipoona udhaifu aliusema kwa huruma, kama alivyomwambia Abu Dhar juu ya uongozi. Basi tutubu, enyi waalimu wenzetu, na tuwasifu watoto kwa haki kama tunavyowakosoa kwa haki.

Na kuna methali tunayoipenda mno: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa anayetembeza kibaya. Lakini kizuri chajiuza kikiwekwa barazani. Kikifungiwa sandukuni, ni nani atakayekiona?

Sasa twasema juu ya namna ya kuandika, ili ndugu yetu asiondoke na mawaidha matupu.

Kwanza, usingoje mwisho wa muhula. Imepokewa kwa Sayyidna Umar bin Khattab kuwa aliwausia watu wazihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. Na Imam Ghazali katika Ihya ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara: hupewa rasilimali, huwekewa masharti, kisha jioni hukaa naye mkatazama faida na hasara. Mfanya biashara asiyeandika faida, akaandika hasara tu, hesabu yake si sahihi hata akawa mcha Mungu namna gani. Na moyo uliovunjika ni karani wa namna hiyo: kosa huliandika kwa wino, na jema huliandika mchangani. Kwa hivyo usiuachie moyo kazi ya karani. Nunua daftari ndogo, na kila siku baada ya sala ya Isha andika mistari miwili: nililofanya, na lililonishinda. Fomu itakapokuja hutaulizana na moyo wako. Utaulizana na daftari yako.

Pili, andika matendo na hesabu, usiandike sifa. Usiseme "mimi ni mwalimu hodari," kwani hilo ni dai. Wala usiseme "nimejitahidi kwa kadiri yangu," kwani hilo si kitu. Sema, kwa mfano: "Muhula ulipoanza, watoto sita wa darasa la nne hawakuweza kusoma sentensi. Nimewasomesha kila Jumatano baada ya masomo. Wanne sasa wasoma ukurasa mzima, wawili bado." Je, pana kujisifu hapo? Pana habari, na mwenye kuisoma ataipima mwenyewe.

Tatu, upungufu utaje pamoja na dawa yake. Ikiwa ulichelewa kusahihisha madaftari, sema, na useme utafanya nini. Usiukuze ukawa ndio kazi yako yote, wala usiufiche.

Nne, kabla ya kuirejesha fomu, mwonyeshe mtu mmoja mwaminifu aijuaye kazi yako. Mtume ametufananisha Waumini na vioo, kila mmoja kwa nduguye. Mtu hauoni uso wake bila ya kioo, na aliyezoea kujidharau huuona uso wake kwa kioo kilichopinda. Mwulize mwenzako: je, nimezidisha, au nimepunguza? Akikwambia umepunguza, mwamini, kama ungalivyomwamini akikwambia umezidisha.

Tano, ogopa upande wa pili. Wako wanaojaza alama kamili na hawakuingia darasani, na wanaotengeza dalili usiku wa kuamkia siku ya kupimwa. Hao wamekula mali kwa ushahidi wa uwongo, na haya tuliyoyasema si hoja yao. Wala usichukue kazi ya mwenzako ukaiandika yako. Mlipofanya wawili, sema wawili.

Sita, mkikaa na mkubwa wako, sema kwa adabu na usione haya. Akikupunguzia bila ya sababu, mwonyeshe daftari yako. Si utovu wa heshima, ni haki. Na akikuonyesha kosa la kweli, likubali.

Na kwenu, enyi mliopewa kazi ya kuwapima wengine, twasema: mche Mwenyezi Mungu. Msimpe mwenye ulimi kwa sababu ya ulimi wake, mkamnyima mwenye kunyamaza kwa sababu ya kunyamaza kwake. Mkiletewa karatasi nyeupe na mtu mnayemwona kila siku yuko kazini kabla ya kengele, mwiteni, mmuulize, na mwandike pamoja naye. Kipimo kiko mikononi mwenu, na makatazo ya Nabii Shuaib yawahusu.

Tena, ikiwa huzuni imemshinda mtu hata halali wala hali, na kujidharau kumemfuata kazini na nyumbani na msikitini, huo umekwisha kuwa maradhi kama maradhi mengine. Na aende kwa tabibu, asione haya, kwani tumeamrishwa kutafuta dawa, na dua na dawa hazigombani.

Na sasa twakujibu, ewe ndugu yetu, suali lako lenyewe. Kwa nia yako ya kuogopa kujisifu, twataraji kwa Mwenyezi Mungu hutakosa kheri. Ama tendo lenyewe, umekosea, na usilirejee. Muhula ujao shika kalamu useme Bismillahi, uombe kukunjuliwa kifua kama alivyoomba Nabii Musa, kisha uandike vibaba vine kuwa ni vine. Ukimaliza, mshukuru aliyekupa nguvu ya kuifanya kazi ile, na umwombe msamaha kwa uliyopunguza. Daraja ukipewa, ni fadhila yake. Usipopewa, umekwisha kutoa ushahidi wako, na shahidi hadaiwi zaidi ya hapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kweli juu ya nafsi zetu na kwa ajili ya nafsi zetu, atukinge na kiburi na unyonge, na awaponye watoto wetu na majeraha ya ndimi zetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.